Maswali ya Wasomaji: Ua la Zambarau la Kwenye Mawe ya Usambara

Barua za safari hii zimetoka karibu zote mkoani Tanga, na nyingi zinaulizia ua moja: lile la zambarau lenye kitovu cha njano, linaloota kwenye mawe yenye kivuli kuanzia bonde la Mkulumuzi karibu na Amboni hadi misitu ya Amani. Wataalamu wa mimea wamelijua kwa zaidi ya karne kwa jina la Saintpaulia. Sisi tutaliita violeti ya Usambara, ingawa kwa ukoo halina undugu wowote na violeti za Ulaya.

MWONGOZA WAGENI ANAYEJIFUNZA KAZI, MUHEZA: Kando ya njia ya kutoka Zigi kupanda Amani kuna maua ya zambarau ya aina mbili tatu, yote ya chini chini, yote kivulini. Mwenzangu huwaambia wageni kuwa yote ni Saintpaulia. Mimi nasita. Nitayatofautishaje bila kuyachuma?

Umefanya vyema kusita. Rangi ndiyo inayowapoteza watu, maana msitu ule una zambarau za kila namna, na kamera ya simu nayo huigeuza zambarau ikawa buluu. Anza na kitovu. Piga goti mpaka jicho lako lilingane na ua. Violeti ya Usambara ina petali tano zilizofunguka bapa: mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni kubwa, na upana wa ua zima kwa kawaida ni sentimita 2 hadi 3. Katikati kuna vifuko viwili vya chavua, njano iliyokolea, vimegandana uso kwa uso kama punje mbili za mahindi zilizobanana kwenye gunzi. Vimejitokeza nje waziwazi. Pembeni yake kinachomoza kijiti chembamba cha kike, nacho hakisimami wima. Kimeinamia upande mmoja.

Sasa litazame kwa nyuma. Ukikuta mkia mwembamba uliopinda unaning'inia, hiyo ni Impatiens, na ndiyo inayowadanganya wengi pale Amani. Shina lake limejaa maji na huvunjika kwa kuguswa tu, na tunda lake likikomaa hulipuka na kurusha mbegu. Usipoona mkia, lakini ua lina bomba refu na vifuko vya chavua vimejificha ndani ya koo lake, basi uko kwa binamu yake wa karibu, Streptocarpus. Huyo tunda lake ni jembamba, refu, limesokotwa kama kamba. Tunda la violeti halisokotwi kamwe. Tafuta matunda ya zamani chini ya majani hata kama maua yamejaa tele, kwa sababu tunda halibadiliki rangi kwenye picha wala haliharibiki kwa mvua ya jana.

Majani nayo yana ushahidi wake. Ni manene kidogo, laini kama mahameli, yamefunikwa vinyweleo juu na chini, na kila moja lina kikonyo chake kirefu. Mimea ya mabondeni karibu na Tanga mjini mara nyingi hujipanga duara, majani yote yakitoka kitovu kimoja. Ukipanda Amani, kwenye mita 900 hivi, utakutana na ile inayotambaa: shina linakwenda juu ya kuvu za mwambani (vile vimea vya kijani vinavyofunika mawe yenye unyevu), majani yameachana, na mizizi inashuka penye vifundo. Hiyo inayotambaa ndiyo iliyopewa jina la grotei.

Ukitaka kwenda mbali zaidi ya hapo, itakubidi usome vinyweleo. Tumia lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10. Usilichume jani, lielekeze ukingo wake kwenye mwanga na uangalie kwa ubavu. Je, vinyweleo ni virefu vimesimama? Vifupi vimesimama? Au vimelala juu ya jani? Au ni mchanganyiko wa virefu na vifupi? Mtaalamu wa Uingereza B. L. Burtt alitenganisha spishi nyingi za kundi hili kwa kuanzia hapo. Makosa yanayotokea sana ni mawili. La kwanza ni kuangalia jani lililolowa, ambalo vinyweleo vyake vyote vimelala kwa maji na utaandika "vimelala" kumbe sivyo. La pili ni kuangalia jani changa la katikati, ambalo vinyweleo vyake vimesongamana kuliko vitakavyokuwa likikua. Chagua jani lililokomaa, kavu, la mzunguko wa nje.

Halafu usijitese na majina. Vitabu vya zamani vina spishi zinazokaribia 20. Mwaka 2006 zilipunguzwa hadi 6, kwa sababu nyingi zilionekana kuingiliana bila mpaka, na karibu zote za upande wa Tanga zikawekwa chini ya spishi moja, ionantha. Mwaka 2015 kundi zima likahamishiwa ndani ya Streptocarpus, ndiyo maana siku hizi utaona Streptocarpus ionanthus kwenye maandiko mapya. Mgeni akikuuliza, "Saintpaulia" inatosha. Akibisha kwamba jina limebadilika, mwambie yuko sahihi, na ua ni lilelile.

Kwa kumbukumbu zako piga picha sita: mmea mzima pamoja na jiwe lake, ua kwa mbele, ua kwa ubavu, jani juu, jani chini, na tunda. Weka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa ujulikane. Urefu kutoka usawa wa bahari unaotolewa na simu unaweza kukosea kwa makumi ya mita, kwa hiyo andika pia jina la kijito au daraja lililo karibu. Na mahali halisi usipaweke hadharani mtandaoni. Wako watu wanaokusanya mimea hii kwa ajili ya kuuza, na mwamba mmoja mdogo unaweza kumalizwa na mtu mmoja mwenye mfuko kwa nusu saa.

MWANAFUNZI WA KIDATO CHA TATU, TANGA: Katika picha zangu ua moja kijiti chake kimeelekea kushoto na jingine kulia. Ni spishi mbili?

Hapana, mwanangu. Tazama tena, utakuta ya kushoto na ya kulia kwenye mmea uleule. Ni maua yanayotazamana kama mtu na kioo. Nyuki akishika vifuko vya chavua vilivyo katikati, kijiti cha ua la kushoto humgusa ubavu mmoja, na cha ua la kulia humgusa ubavu wa pili. Kwa hiyo inadhaniwa kuwa chavua iliyobaki ubavuni mwake ina nafasi kubwa zaidi ya kuishia kwenye ua la mkono mwingine. Pia kijiti kikiinama pembeni hakivurugwi wakati nyuki yuko kazini katikati.

MFUGAJI WA NYUKI, MUHEZA: Shikamooni. Nina mizinga kadhaa karibu na msitu. Nikiisogeza jirani na miamba yenye maua hayo, je, yatazaa mbegu zaidi, na mimi nitapata asali zaidi?

Marahaba, ndugu yetu. Asali usiitegemee hata tone, kwa sababu ua hili halina nekta. Kitu pekee linachompa mdudu ni chavua, na hata hiyo halimpi kirahisi. Vile vifuko viwili vya njano havipasuki wazi kama vya maua mengi mengine. Vina upenyo mdogo tu nchani, na chavua kavu imo ndani kama chumvi kwenye kichupa chenye tundu. Haitoki mpaka kichupa kitikiswe.

Nyuki wako wa asali hajui kutikisa. Unaweza kumwona ametua, anapapasa, anaokota vumbi lililomwagika kwenye petali, anaondoka. Nyuki wadogo wasiouma nao hali ni hiyohiyo. Anayeweza ni nyuki mpweke, yule asiyeishi kwenye kundi. Huja kwa kasi, husimama hewani mbele ya ua kwa nukta moja, hutua, huvikumbatia vifuko kwa miguu na kuvibana kwa taya, mwili umejikunja kama herufi C. Kisha hutenganisha mabawa na misuli yake: mabawa yanatulia mgongoni huku misuli ya kifua inatetemeka mamia ya mara kwa sekunde. Chavua inaruka kama moshi wa njano na kumgandia tumboni. Nyuki wa kundi la Amegilla ndio mafundi wa kazi hii. Ni wanene, wana manyoya, na tumbo lenye mistari ya mapete. Lile dudu kubwa jeusi linalotoboa kenchi za paa, nyuki seremala, nalo lina ufundi huohuo kwa maua ya namna hii, ila ua dogo likiwa kwenye kikonyo chembamba huinama kwa uzito wake.

Utawatambua kwa masikio kabla ya macho. Nyuki akiruka hutoa mvumo wa kawaida. Akishika ua na kuanza kutikisa, sauti hupanda ghafla ikawa nyembamba na kali, ikakatika, ikarudia mara mbili tatu. Ukisikia hivyo mahali ambapo ua lipo, mchavushaji amefika.

Ukitaka kuona chavua inavyotoka bila kusubiri nyuki, chukua ua la chunguni, si la msituni, na mswaki wa umeme. Weka karatasi nyeusi chini, gusisha nyuma ya mswaki unaotetemeka kwenye shingo ya vifuko vya njano kwa sekunde moja. Ua likiwa limefunguka siku moja au mbili, vumbi litaonekana kwenye karatasi. Ua lililozeeka halitoi kitu, ingawa njano yake bado inang'aa vilevile, na nyuki wengi huingizwa mkenge na njano hiyo.

Kwa hiyo mizinga iache ilipo. Unachoweza kufanya ni kuwaachia nyuki wapweke makazi yao. Amegilla huchimba kwenye kingo za udongo mkavu, kingo za barabara, hata kuta za nyumba za udongo. Usizisiribe zote kwa pamoja ukiona vitundu vya upana wa penseli. Usiku madume yao hulala yameng'ata vijiti vya majani makavu, yamejipanga safu, na watu huwakwangua wakidhani ni wadudu waharibifu. Na dawa ya kuua wadudu shambani, kama huna budi, ipulize jioni nyuki wakiwa wameshalala.

MWALIMU WA KLABU YA MAZINGIRA, WILAYA YA MUHEZA: Tunataka wanafunzi wahesabu wachavushaji. Tuanzeje ili matokeo yawe na maana?

Kwanza kibali. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na utafiti wowote ndani yake, hata wa shule, huanzia ofisini kwao. Kuchukua mmea au sehemu yake bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Mkisharuhusiwa, wawekeni wanafunzi wawili kwa kila kishada cha mimea, wakae mita moja na nusu kutoka jiwe, wasiweke miguu kwenye kuvu. Kuvu zile ndizo kitanda cha miche. Mbegu ya violeti ni vumbi, haiwezi kuota chini ya rundo la majani makavu, ndiyo maana mmea umekimbilia kwenye kuta za mawe. Zamu moja iwe dakika 15, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana. Kila zamu waandike saa, hali ya hewa, idadi ya maua yaliyofunguka (hili husahaulika, na bila hilo hesabu yote haina kazi), mdudu aliyekuja, na alichofanya.

Safu ya "alichofanya" ndiyo yenye thamani. Mdudu aliyetua ni mgeni tu. Ili aitwe mchavushaji lazima aonekane ameshika vifuko, ametikisa, na mwili wake umegusa ncha ya kijiti cha kike. Nzi anayeota jua juu ya petali si mchavushaji. Kipepeo anayepita hana la kunyonya hapo. Ukifanya hesabu bila kutenganisha haya, utapata orodha ndefu yenye nzi wengi na utaamini kuwa nzi ndio wanaolizalisha ua.

Jaribio la kuthibitisha ni hili. Chagueni vitumba 10 ambavyo havijafunguka. Vitano vivisheni mfuko mdogo wa kitambaa cha chandarua kisicho na dawa, vitano viacheni wazi vikiwa na uzi wa alama. Mfuko usilale juu ya ua: tengenezeni kizimba cha waya mwembamba ndani yake, la sivyo ukilowa hugandana na petali na ua linaoza, nanyi mtasema halikuchavushwa. Baada ya wiki tatu hadi nne linganisheni ni mangapi yamevimba shingoni na kuanza kufanya tunda. Likivimba hata lililovishwa mfuko, msishtuke. Huenda mfuko ulitikisa ua kwa upepo.

Mafuta ya kufukuza mbu yaacheni nyumbani siku hiyo. Hufukuza na mlichokifuata.

MZEE MSTAAFU, KOROGWE: Nimesikia ua hili lilichukuliwa na Wajerumani hapa Tanga na sasa linawatajirisha wengine. Kuna ukweli?

Shikamoo mzee wetu. Upo. Jina la Saintpaulia limetokana na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani aliyesimamia wilaya huku. Ndiye huyohuyo aliyechapisha kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili mwaka 1890. Alituma violeti kwa baba yake Ujerumani, baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye Wendland akalitangaza rasmi mwaka 1893. Sampuli kavu kutoka pwani yetu zilikuwa zimeshafika Uingereza miaka ya 1880 kupitia kwa John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, ila zilikaa makabatini bila mtu kuzishughulikia. Miaka ya 1920 kitalu kimoja cha Los Angeles kilizalisha aina chotara za kuuza, na kuanzia hapo ua likaenea madirishani kote Ulaya na Marekani.

Baron alisema aliliona sehemu mbili: kwenye nyufa za mawe ya chokaa karibu na Tanga, chini kabisa, na kwenye misitu ya Usambara juu. Ile ya chini ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi leo. Jiwe la chokaa lina soko, na kuni zina soko; mti wa juu ukikatwa, jua linafika mwambani, kuvu zinakauka, na violeti hufa hata kama hakuna aliyeigusa. Huko juu iliki iliyolimwa chini ya miti imefanya vivyo hivyo mahali pengine: miti mikubwa imebaki, lakini kichaka cha chini kilichotunza unyevu kimefyekwa.

DADA MWENYE BIASHARA YA MICHE, CHUMBAGENI: Wateja wananiuliza violeti. Nikipanda Tanga mjini zinaoza. Nakosea wapi?

Dada, pengine unazipenda mno kwa maji. Huu ni mmea wa mwambani. Mizizi yake ni mifupi na inataka hewa. Nunua mmea mama kutoka kitaluni, usipokee wa msituni hata ukiletewa bure. Chungu kiwe kidogo, upana wa sentimita 8 hadi 10. Changanya mboji ya majani iliyochekechwa makopo mawili, mchanga wa mto kopo moja, kumvi za mpunga zilizochomwa kopo moja. Ukipenda usumba badala ya kumvi, hakikisha si wa makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba. Huo umejaa chumvi, na kwa Tanga tunadhani ndiyo sababu inayoua violeti nyingi kuliko watu wanavyojua. Uloweke na kuubadilishia maji mara tatu.

Maji yawekwe kwenye sahani chini ya chungu, dakika 20, kisha umwage yaliyobaki. Subiri udongo wa juu ukauke kwa kidole kabla ya kurudia. Maji baridi yakidondokea majani yenye joto hubakiza madoa ya kahawia yasiyofutika. Jua la asubuhi kupitia pazia linatosha. La mchana wa Januari litaunguza kwa siku moja.

Kuzidisha miche: kata jani lililokomaa lenye kikonyo cha sentimita 3, mkato wa mshazari, lichomeke sentimita moja na nusu kwenye mchanganyiko huohuo, ulifunike na chupa ya maji iliyokatwa. Fungua kila asubuhi kidogo lipumue. Mizizi hutoka wiki ya tatu au ya nne, vijimche wiki ya nane hadi ya kumi na mbili. Vitenganishe vikiwa na majani ya sentimita 2, ukiwahi, vinanyauka. Jani likigeuka laini na jeusi chini, mchanganyiko umelowa kupita kiasi. Kata tena juu ya palipooza na uanze upya.

Na usishangae barazani hayazai. Hakuna wa kuyatikisa. Ukitaka mbegu, chana kifuko kimoja kwa sindano, mwaga chavua kwenye ukucha, na upake ncha ya kijiti cha ua la mmea mwingine. Tunda huchukua miezi mitano au zaidi kukomaa. Ila chotara hizo usizipeleke kupandwa msituni, hata kwa nia njema: zitachavushana na za porini.

MSOMAJI, PANGANI (ametuma picha ya ua la waridi lenye mkia): Je, hii ndiyo?

Siyo. Hiyo ni Impatiens. Ule mkia una nekta, na wanaoifikia ni vipepeo wenye mrija mrefu. Kaa nayo saa 4 asubuhi jua likiwa limetoka, utawaona.